Koti Jipya la Chapa Ile Ile

Koti la kwanza lilikuwa la padri. Mpanda nzima walilijua hivyo. Hata mwaka wa tatu wa kulivaa, machoni pa watu lilikuwa bado la padri na mimi nilikuwa nimeazimwa tu.

Nilikuwa muuguzi wa chanjo. Mwanzoni mwa miaka ya tisini Mpanda ilikuwa bado wilaya ya mkoa wa Rukwa, na kazi yangu ilikuwa kuwafikishia chanjo watoto wa vijiji ambavyo gari halikufika: Sitalike upande wa mbuga, na Mwese kule milimani magharibi. Gari la kazi lilikuwepo. Lilikuwa juu ya mawe nyuma ya stoo, na kuku wa mlinzi walitagia kwenye kiti cha dereva. Kisha mradi mmoja ukaleta pikipiki mbili. Wanaume wawili waliopangiwa, mmoja alihamishwa kabla hajaiwasha, na wa pili alisema wazi kwamba yeye alisomea uuguzi, hakusomea kukutana na simba. Mganga mkuu akauliza kwenye kikao nani mwingine anajua kuendesha. Nikanyoosha mkono. Sikujua. Nilijua baiskeli, nikadhani tofauti ni injini tu. Kwa kiasi fulani nilikuwa sahihi.

Misheni kulikuwa na padri mzee, Mzungu, mrefu mpaka aliinama kwenye kila mlango wa Mpanda isipokuwa wa kanisa. Alikuwa amezunguka vijiji vile vile kwa pikipiki tangu kabla ya Uhuru. Siku moja nilipeleka chanjo kwenye zahanati ya misheni, akaniita barazani.

"Narudi kwetu kufa," aliniambia, kwa sauti ya mtu anayeaga kwenda sokoni. "Wewe ndiye mtu mwingine pekee anayekwenda Mwese kwa pikipiki. Chukua hili."

Lilikuwa koti jeusi la ngozi. Nilipolipokea mikono ilishuka. Nikapapasa mifuko nikidhani amesahau kitu ndani, labda Biblia. Mifuko ilikuwa mitupu. Uzito ule ulikuwa wa koti lenyewe.

Kwenye kola kulikuwa na lebo ya kitambaa yenye jina la kampuni kwa uzi wa dhahabu, picha ya gurudumu lenye mabawa, na maneno ya Kiingereza yaliyosema kwamba wao huwavika waendesha pikipiki tangu enzi za babu yao. Sikuyatilia maanani. Nilikunja mikono ya koti mara mbili, nikafunga zipu ya shaba iliyolia kama kufuli, nikaondoka.

Waliowahi kupita njia ile ya msitu wanajua mbung'o. Mbung'o hupenda kitu cheusi kinachotembea, na mimi nilikuwa hicho hicho. Waliniandama kilomita na kilomita, wakatua mgongoni, wakajaribu. Hakuna aliyepenya. Mvua ikinyesha koti lilizidi kuwa zito, lakini gauni langu jeupe la kazi lilifika Mwese likiwa jeupe. Mara moja niliteleza kwenye mteremko wa kokoto nikaburuzwa kwa ubavu mpaka kwenye mtaro. Nilipoinuka nililikagua koti. Lilikuwa na mchubuko mmoja wa urefu wa kidole. Nikalipaka mafuta ya mgando, mchubuko ukapotea. Nyumbani nililitundika kwenye msumari sebuleni, na baada ya miezi sita kilichong'oka kilikuwa msumari.

Tatizo lilikuwa watoto wa mtaani kwetu. Nikipita walipanga mstari wakapiga kelele, "Shikamoo padri!" Mimi nilijibu marahaba na kuendelea na safari. Mume wangu hakuweza.

Mume wangu alikuwa karani wa mizigo stesheni. Alikuwa mtu nadhifu, mwenye mwandiko ambao watu walitoka mtaa wa Makanyagio kuja kuuazima kwa barua za posa. Kazi yake ilikuwa kupokea magunia na masanduku yaliyoshuka kwenye treni ya Kaliua, kuandika yalivyofika, na kama kilichofika kimeharibika, kueleza kimeharibikaje.

"Mke wangu anaitwa padri," alisema jioni moja, tukila. "Sasa mimi naitwa nani?"

Nilimwambia hakuna aliyemwita chochote.

"Ndiyo hapo," alisema, akaendelea kula.

Sikujua kwamba lile lilikuwa jambo zito. Mwaka ule mdogo wake, shemeji yangu, alipata nafasi ya kusoma Ulaya. Mume wangu alikuwa na maksai wawili aliowaweka kwa mzee mmoja Msukuma, aliyekuwa amehamia na ng'ombe wake kutoka kaskazini na kujenga kando ya barabara ya Sitalike. Maksai wale tuliwaita akiba ya bati, maana nyumba yetu ilikuwa bado ya nyasi upande wa jikoni. Aliwauza bila kuniambia. Akanakili jina kutoka kwenye lebo ya koti la padri, herufi kwa herufi, akampelekea mdogo wake pamoja na vipimo vyangu, alivyovichukua kwenye gauni langu la kanisani nilipokuwa kazini.

Koti jipya lilikuja ndani ya boksi. Sijawahi kuona nguo iliyofungwa kwa heshima kiasi kile. Kulikuwa na karatasi laini kama ngozi ya kitunguu, na kijitabu chenye picha ya babu mwanzilishi, mwenye masharubu, amesimama kando ya pikipiki. Kulikuwa na lebo ile ile ya uzi wa dhahabu, ila kubwa zaidi. Mabawa ya gurudumu yalikuwa yameongezeka manyoya.

Mume wangu alisimama mlangoni akinitazama. Sijui kama alipumua.

Nililiinua. Mikono, iliyokuwa imejiandaa kwa uzito, iliruka juu.

"Jepesi," nilisema.

"Teknolojia," alisema.

Nilipolivaa lilinikaa kama nilizaliwa nalo. Mabega yalikaa mahali pake na mikono iliishia kwenye kifundo cha mkono, haikuhitaji kukunjwa. Nilijitazama kwenye kioo cha kabati na kwa kweli nilikuwa mrembo. Nilimshukuru, nikamwandalia kuku. Akaniambia kuhusu maksai. Nikamshukuru tena, kwa sababu shukrani ya kwanza ilikuwa ya koti na hii ya pili ilibidi iwe ya maksai.

"Na la padri liko wapi?" niliuliza. Nilikuwa nimetoka semina Sumbawanga wiki hiyo, na msumari ulikuwa mtupu.

"Nimempa mzee wa ng'ombe. Alitutunzia mifugo miaka yote hiyo, lazima tumwage kwa kitu. Nimemwambia limechakaa, alivae hivyo hivyo."

Nikasema vizuri.

Zipu iliachia siku ya kwanza, kabla sijavuka reli. Haikukatika. Ilifunga vizuri kabisa chini ya kidole changu na kufunguka nyuma yake, kama mlango wa mtu asiyetaka wageni. Nikafunga vifungo vya akiba. Viwili vilibaki mkononi. Kufika msituni mbung'o wakanipokea kama kawaida yao, wakatua mgongoni, na kwa mara ya kwanza tangu nianze kazi hiyo nilipiga kelele barabarani. Walipenya kama koti halipo. Nilifika Sitalike na mgongo wenye matuta.

Niliporudi mume wangu aliniuliza, "Enhe, koti?"

"Zuri sana," nilisema.

Nadhani kila mke amewahi kusema uongo wa namna hiyo. Kawaida unahusu kitenge au sufuria, na unaisha kitenge kikipauka. Wangu ulikuwa wa maksai wawili.

Kwa hiyo nilianza kulitengeneza koti kwa siri. Sokoni, karibu na wauza dagaa, alikaa fundi viatu aliyetoka makazi ya Katumba, mmoja wa wale waliokimbia Burundi wakiwa watoto. Alikuwa mwembamba, mpole, na alisema Kiswahili polepole kana kwamba analipia kila neno. Nilimpelekea koti ndani ya mfuko wa plastiki. Alibadilisha zipu. Baada ya wiki mbili nikarudi, bitana ya ndani ilikuwa imechanika kwapani. Akashona. Wiki iliyofuata ilikuwa mfuko. Kisha kola ilianza kubabuka, na chini ya weusi kukatokea rangi ya kijivu, kama ukoko wa ugali.

Fundi alikwaruza pale kwa ukucha. Weusi ukatoka vipande vyembamba. Alinusa. Akachukua kisu, akakata uzi mmoja wa mshono, akaufunua na kutazama ndani kwa muda mrefu.

"Mama," alisema, "hili limetoka wapi?"

"Ulaya. Ni chapa kubwa. Wanashona tangu enzi za babu yao."

"Babu amekufa," alisema fundi.

Akanionyesha. Ngozi ya ng'ombe ni nene, aliniambia, inaweza kupasuliwa mara mbili kama mkate. Ile ya juu ndiyo ngozi. Ile ya chini, inayobaki, ni kama sufi, haina nguvu. "Wamechukua ya chini, wakaipaka plastiki, wakaichora vinyweleo ili ifanane na ya juu. Vinyweleo vyenyewe angalia, vimepangwa kwa mstari. Ng'ombe hapangi."

Nilimwomba asimwambie mtu, hasa karani wa mizigo wa stesheni.

"Mama, mimi ni mkimbizi," alisema, akivuta uzi. "Kunyamaza ndiyo kazi yangu ya kwanza. Viatu ni ya pili."

Basi tukaendelea hivyo msimu mzima. Nilitoka nyumbani asubuhi koti likiwa limefungwa mpaka shingoni, mume wangu akiniangalia kwa fahari, na nikishapita soko nilisimama na kuvaa sweta mbili chini yake kwa ajili ya mbung'o. Pale palipobabuka nilipaka rangi ya viatu. Watoto wa mtaani waliacha kuniita padri. Walinisalimia shikamoo mama, kwa adabu, na sikuona faida yake.

Siku moja ya kliniki karibu na Sitalike, akina mama wakiwa wamepanga mstari, alitokea yule mzee wa ng'ombe. Alimsindikiza mkaza mwana wake aliyembeba mtoto. Jua lilikuwa kali kiasi kwamba niliweka kitambaa chenye maji juu ya boksi la chanjo. Mzee alikuwa amevaa koti la padri, amefunga zipu mpaka kidevuni.

"Mwadila!" alinisalimia kwa Kisukuma.

"Mwadila, baba. Hamjambo nyumbani?"

"Hatujambo." Alipiga kifua cha koti kwa kiganja, likatoa mlio wa ngoma. "Mwambie mumeo ahsante sana. Hili koti ni zuri. Mbung'o wanatua, wanafikiri, wanaondoka."

"Nitamwambia," nilisema. Mjukuu wake nilimchoma sindano ya surua. Alilia, nami nilimwelewa.

Ilipofika masika kamili ilibidi niende Mwese. Kulikuwa na kina mama wa vijiji vitatu walioambiwa siku ya kliniki, na wengine walitembea tangu jana yake. Mvua ilinikuta nusu ya njia. Udongo wa kule ukilowa unakuwa kama sabuni, na pikipiki huenda inakotaka yenyewe, wewe unasindikiza tu. Nilipanda kilima cha kwanza na cha pili. Kwenye cha tatu gurudumu la nyuma lilinipita.

Nilianguka upande wa kushoto. Sikuburuzwa mbali, pengine hatua kumi, wala sikuwa na mwendo. Nimekwisha kuanguka vibaya zaidi ya pale. Lakini nilisikia mshono wa mkono ukiachia kuanzia begani hadi kiwikoni, mlio mrefu, kama mtu anayechana khanga dukani. Kisha nikasikia kokoto kwenye mkono wangu, mkono mtupu.

Nilikaa matopeni nikautazama. Damu ilikuwa ikitoka na kuchanganyika na kitu cheusi. Nikafungua boksi la chanjo. Barafu ilikuwepo, chupa zilikuwa nzima. Nikafunga mkono kwa kilemba changu, nikasimamisha pikipiki kwa jaribio la nne, nikaenda.

Zahanati ya Mwese mwenzangu alinishona nyuzi saba. Tukavua koti. Gauni langu jeupe lilikuwa jeusi kuanzia kola mpaka kiunoni. Shingo ilikuwa nyeusi, na mikono. Bibi mmoja aliyemleta mjukuu, mnyenyekevu kabisa, alinisogelea.

"Pole mwanangu," alisema. "Siku hizi wanawachomesha na mkaa?"

Nikamwambia hapana bibi, ni koti. Alitazama gauni, akatazama vipande vilivyotundikwa dirishani, akasema pole tena. Nilichanja kwa mkono mmoja mpaka mstari ukaisha. Watoto walilia kabla ya sindano siku ile. Kawaida hulia baada yake.

Sikuweza kumficha mume wangu nyuzi saba. Nilifika nyumbani kesho yake mchana, na alikuwa mezani. Aliona bandeji, akasimama. Kisha akaona nilichokuwa nimebeba kwenye mfuko.

Alinikalisha. Alinipa maji. Aliniuliza kama mfupa ni mzima, nikasema ni mzima. Akatoa koti mfukoni, akalitandaza mezani kama gunia lililofika stesheni limepasuka, akachukua karatasi na kalamu.

"Zipu iliharibika lini?"

"Baba watoto, acha."

"Nauliza. Lini?"

"Siku ya kwanza."

Akaandika. "Vifungo?"

"Siku ya kwanza."

"Bitana?"

"Wiki ya pili. Ila kwapa la kulia ilikuwa ya tatu."

Aliandika kila kitu kwa ule mwandiko wake mzuri, mshono kwa mshono, bila kuinua uso. Alipofika kwenye rangi ya viatu aliweka kalamu chini.

"Ulikuwa unapaka rangi ya viatu."

"Ndiyo."

"Ili nisijue."

"Uliuza maksai," nilisema. "Ningekuambiaje?"

Hapo ndipo machozi yalimtoka, kidogo tu, na akayapangusa kwa mgongo wa mkono kwa haraka ili karatasi isilowe. Mimi sikulia. Nilikuwa nimechoka, na mkono uliniuma. Lakini nakumbuka kwamba nilipata nafuu ambayo sikuwa nimeitegemea, kama mtu aliyevua kiatu kinachobana. Tulikuwa tumeishi miezi mingi na koti lile kama mgeni ambaye kila mmoja anadhani mwenzake ndiye aliyemwalika.

Ripoti ile aliigeuza kuwa barua ya Kiingereza ya kurasa tatu, akamtumia mdogo wake aifikishe kwa kampuni, pamoja na kipande cha mkono wa koti kama ushahidi. Alikuwa na imani nao. Watu wanaoshona tangu enzi za babu, alisema, hawawezi kukubali aibu kama hii.

Jibu lilichukua miezi minne. Lilikuwa kwenye karatasi nzito yenye lile gurudumu la mabawa juu. Mume wangu alinisomea akitafsiri. Walimshukuru kwa kuchagua bidhaa zao. Walisikitika. Walieleza kwamba koti hilo limetengenezwa kwa kumbukumbu ya urithi wa waendesha pikipiki, lakini halikukusudiwa kuvaliwa na mtu anayeendesha pikipiki. Aidha lisinyeshewe. Kama bado angependa, waliambatanisha kitabu cha picha za makoti yao mapya.

Alirudia kusoma barua yote kimya.

"Wameandika Kiingereza kizuri sana," alisema.

Jumapili iliyofuata alivaa suruali yake ya kanisani, akapanda nyuma ya pikipiki yangu, tukaenda kwa mzee wa ng'ombe. Tulimkuta mzee zizini, amevaa koti. Tukaketi, tukapewa maziwa ya mgando. Habari za ng'ombe ziliisha, za mvua zikaisha. Mume wangu akakohoa.

"Baba, lile koti nililokupa..."

"Zuri sana," alisema mzee.

"Ndiyo. Sasa, mke wangu alianguka. Tulikuwa tunaomba, kama inawezekana..."

Mzee aliutazama mkono wangu, kovu likiwa bado jekundu.

"Nyie mliniambia ni bovu, ndiyo maana mkanipa," alisema. "Sasa limepona lini?"

Mume wangu alinigeukia. Mimi nilikunywa maziwa.

"Koti sirudishi," alisema mzee, bila ukali. "Nikirudisha zawadi nitakuwa nimekutukana. Lakini dada huyu alimchanja mjukuu wangu, na surua ilipopita kwa majirani, kwangu haikuingia. Ngozi ninazo. Chagueni."

Akatupeleka nyuma ya nyumba. Ngozi za ng'ombe zilikuwa zimewambwa juani, ngumu kama mabati. Mume wangu alizikagua kama anavyokagua mizigo, akizigonga kwa vidole. Tuliondoka na mbili zimefungwa nyuma, mume wangu kazikalia, na kila tuta lilipotupokea zilitoa mlio ambao mbwa wa njiani waliukimbia.

Fundi viatu alisema hajawahi kushona koti maishani mwake. Kisha akasema atajaribu. Alizilowesha ngozi zile Katumba, kwenye pipa la magome ya miti, kama baba yake alivyomfundisha, na kwa majuma kadhaa hakuna jirani aliyemtembelea. Alilifumua koti la Ulaya kipande kwa kipande, akalitumia kama kipimo. "Walikata vizuri," alikiri. "Mkasi wao hauna kosa." Mume wangu alikwenda sokoni kila jioni akitoka kazini, akaketi kwenye kigoda cha wateja, akatazama. Sijui walizungumza nini. Fundi hakuniambia, na mume wangu alisema ni mambo ya mishono.

Koti lilipokwisha lilikuwa la rangi ya kahawia isiyolingana, upande mmoja mweusi zaidi. Lilinuka ng'ombe, na mvua ikinyesha lilinuka ng'ombe aliye hai. Likiwekwa sakafuni lilisimama lenyewe. Kukunja mkono kulihitaji nia. Mbwa wetu aliligombeza kwa siku tatu. Mume wangu alinizunguka mara mbili nilipolivaa.

"Si zuri," alisema.

"Si zuri," nilikubali.

"Mwese ni lini?"

Nilimwambia ni Alhamisi. Akasema ameomba ruhusa kazini, tutakwenda wote. Nilimwambia kuna mbung'o. Akasema amesikia. Tulikuwa tumeoana miaka kumi na moja na hakuwa amefika Mwese hata mara moja. Alijua tu saa niliyotoka na saa niliyorudi.

Alinishika kiunoni njia nzima. Msituni mbung'o waliniacha mimi wakahamia kwake, na nilimsikia akitaja majina ya watakatifu ambao sikujua kwamba anawajua. Kwenye kilima cha tatu tulishuka tukasukuma. Aliniuliza ni hapa, nikamwonyesha mtaro. Alisimama pale akautazama, mikono kiunoni, viatu vyake vya stesheni vimejaa udongo mwekundu.

"Unapita hapa kila mwezi," alisema.

"Kila mwezi."

"Mvua ikinyesha je?"

"Napita."

Alishika pikipiki nyuma, tukasukuma mpaka juu.

Zahanati ilikuwa imejaa. Mwenzangu alikuwa mgonjwa wa malaria, amelala chumba cha ndani, na kadi za kliniki zilikuwa hazijaandikwa hata moja. Kina mama walikuwa wamekaa kwenye majani nje, wengine wakinyonyesha, wengine wamelala na watoto vifuani kwa uchovu wa njia. Nilianza kupanga sindano. Nilipogeuka mume wangu alikuwa ameshavuta meza chini ya dirisha, amekunja mikono ya shati.

"Jina la mtoto?" alimuuliza mama wa kwanza.

Mama akamwambia. Akaandika polepole, kwa ule mwandiko wa barua za posa. Mama aliichukua kadi, akaitazama kwa mbali na kwa karibu, akawaonyesha wenzake. Mstari wote ukahamia upande wa dirisha. Hata waliokuwa na kadi za zamani walizitoa, wakasema zimechakaa, waandikiwe upya.

Aliandika mpaka saa tisa. Wino ulipokwisha aliinua uso, akanitafuta katikati ya watoto waliokuwa wakilia, akauliza kama nina kalamu nyingine.